Neno la Kiingereza la Kuhama

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora. Barua zetu nyingi zilikuwa za Kiswahili, na kila mtu aliitwa ndugu, kuanzia mkuu wa idara hadi tarishi. Ila taarifa za kupelekwa kwa wafadhili wa ng'ambo bado ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi nilisoma kwa masista, zote ziliishia mezani kwangu. Nilizipiga, nikazisahihisha, na mara nyingine nikaziandika upya kabisa, mgongo ukiniuma na wino wa stensili ukinikaa kwenye kucha mpaka Jumapili.

Kiangazi kimoja mkuu wa idara alinirudishia taarifa ndefu. Alikuwa mtu mpole. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, maana alikuwa akishinda barabarani kukagua vijiji vipya.

"Ndugu, hili neno 'moved', kuhamishwa, limejaa humu kama inzi," alisema. "Kila mstari watu wamekuwa 'moved'. Wageni watachoka kusoma. Tafuta maneno mengine."

"Yenye maana ile ile?"

"Ile ile. Lakini yapendeze."

Kabatini kulikuwa na kitabu cha visawe alichokiacha Mwingereza mmoja alipofungasha vitu vyake wakati wa uhuru. Nikakifungua, nikaanza kuyagawa maneno kama mtu anayepakua wali. Hapa nikaweka 'transferred', kana kwamba wanavijiji wale walikuwa walimu waliopewa uhamisho. Pale 'shifted', neno la kusogeza meza. Lililonipendeza zaidi ni 'resettled', kukalishwa upya. Ukilitamka unamwona mtu ameketi, amekunja miguu, roho imetulia. Taarifa ilikuwa na hesabu za kaya tu, haikutaja mahali. Nami sikujiuliza. Nilitaka kufika nyumbani Isevya nijinyooshe kitandani.

Jumamosi nikapanda treni kwenda kumwona mama. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Tura, mwendo mrefu kidogo kutoka stesheni, kando ya njia waliyopita zamani watu wa misafara. Nilipoteremka, mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha alinitambua.

"Usiende kule, binti," alisema. "Hakuna mtu. Wote wamepelekwa huku barabarani."

Nikafuata alikonielekeza. Palikuwa uwanja uliofyekwa juzi tu, visiki bado vinatoa utomvu, na vibanda vimepangwa mstari mmoja kama madawati. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Kibanda chake kilikuwa na fito, lakini nyasi zilifunika upande mmoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetupataje?"

Nikakaa chini, naye akanieleza bila kupandisha sauti. Malori yalikuja asubuhi. Waliambiwa wapakie vyombo, na walipokwisha kupakia, vijana waliokuja nayo wakavuta mapaa ya nyumba chini ili mtu asitamani kurudi. Karanga zake zilikuwa zimeanikwa uani; aliomba azikusanye, dereva akasema malori yana safari nyingine. Mbuzi mmoja aliruka njiani, hakuonekana tena.

"Lakini mama, sisi Wanyamwezi tumezoea kwenda," nilisema. "Babu alikuwa mpagazi."

"Baba yangu alikwenda mpaka pwani na pembe begani," akanijibu. "Alikwenda kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake, akaikuta nyumba yake. Sisi tumeng'olewa."

Siku ile na asubuhi yake tulifunga nyasi. Mikono yangu ilikuwa imezoea mashine, ikachanika vibaya.

Jumatatu taarifa ilikuwa bado haijatoka. Nikaichukua stensili ya ukurasa wa kwanza, nikaitupa, nikapiga nyingine. Pale palipokuwa na 'resettled' nikaandika 'uprooted', kung'olewa. Nikampelekea mkuu, nikasimama. Alisoma, akainuka, akafunga mlango.

"Hili umelitoa kwenye kitabu?"

"Nimelitoa kwa mama yangu, ndugu. Naye amehamishwa."

Aliketi. Akajifuta uso kwa leso. Nilijua ananipima, nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuogopa.

"Wapi?"

Nikamtajia.

"Nilikuwapo siku ile," alisema. Kisha akasema, "Neno hili haliwezi kutoka katika ofisi hii. Wewe utafukuzwa, na mimi nitafuata."

"Najua."

"Lakini na hayo mengine yaondoe. Hayo yote yaliyopendeza. Rudisha 'moved'."

"Wageni watachoka, ndugu."

"Wachoke," alisema. "Hata sisi tumechoka."

Nikapiga taarifa yote upya, siku nzima, moved juu ya moved, mpaka vidole vikafa ganzi. Sikujiona shujaa, na yeye sikumwona adui. Taarifa ikaenda zake ng'ambo; sikusikia kama kuna aliyeisoma. Mkuu naye hakunitajia tena jambo lile, ila tangu siku hiyo tulipokutana ukumbini aliniuliza hali ya mama kabla ya kuniuliza kazi.

Mvua zilipoanza nilimleta mama Isevya. Alikaa msimu mmoja akilalamikia kelele za redio za majirani, maji ya chumvi na mimi kurudi jioni bila maneno. Kisha akaomba arudishwe kwenye kibanda chake kule barabarani, nikamrudisha.

Miaka ilipita, na taratibu watu wakaanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani bila mtu kuwauliza. Nikaenda kumwambia kwamba naweza kutafuta vijana wamjengee pale palipokuwa pake. Wakati huo alikuwa na jirani wa kusukana naye nywele, na mhogo wake ulikuwa umefika kiunoni.

"Niache, mwanangu," alisema. "Hata kurudi nako ni kuhama."

Sikumbishia. Nilichukua jembe lake la pili, tukapalilia mhogo pamoja mpaka jua likawa kali, tukaingia ndani kupumzika.