Refa Hakuwepo Kichochoroni

Nilicheza karate Mombasa kwa miaka sita. Nina medali mbili, moja ya fedha na moja ya shaba, na mama huzipangusa vumbi kila Ijumaa. Niliporudi kwetu Amu, kisiwani Lamu, kusomesha shule, watu waliniita binti wa mateke, nami jina hilo nililipenda. Niliamini kabisa kwamba mwanamume atakayenigusa atajuta.

Siku moja baada ya adhuhuri, saa ambayo mitaa hutulia watu wakipumzika, nilikuwa narudi nyumbani kutoka shuleni kupitia kichochoroni. Mtu alinishika mkono kwa nyuma, akanisukumiza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba isiyokaliwa, mgongo wangu ukagota mlangoni. Nilimjua. Wiki nzima alikuwa akinipa salamu pale bandarini, nami nikimjibu.

Mwili wangu ulisubiri. Naona haya kuandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka sita hakuna aliyenivamia kabla hatujainamiana na refa kutoa ishara. Nikajaribu kuinua mguu, buibui likanibana magotini. Ngumi niliyorusha ilimfika kifuani polepole, kama nilivyozoea kumpiga mwenzangu mazoezini ili nisimuumize.

Akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichonizindua. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, nikamparura macho, nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Dirisha likafunguka juu, kisha la pili.

"Kuna nini huko?" mwanamke akauliza.

Yule mtu akaniachia, akatimua mbio. Nami nikakimbia upande wa pili, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilibaki wapi.

Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshaandikisha taarifa polisi, na jina lake nikalitaja. Jioni jamaa zake wakaja kwetu kuomba sitara, niifute taarifa na mambo yafichwe. Walizungumza kwa adabu sana. Nikawajibu kwa adabu vilevile kwamba sitafuta neno hata moja.

Walipoondoka, mama akafunga mlango, akanigeukia.

"Mwanangu, mwanamke kupiga kelele ndiani! Mui mzima umekusikia."

"Ndivyo nilivyotaka, mama. Mji mzima unisikie."

Siku ya pili mwalimu wangu wa karate akanipigia simu kutoka Mombasa. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Miaka sita, halafu unang'ata kama paka? Hukukumbuka hata teke moja?"

"Niliyakumbuka yote, mwalimu. Hukunifunza hata moja la kupiga nikiwa na buibui, nimebanwa mlangoni, na mtu asiyetafuta pointi."

"Hiyo si karate."

"Sikusema ni karate. Nilitaka kufika nyumbani."

Alikata simu. Nilikasirika, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze darasa.

Tunakutana Jumamosi asubuhi uani kwetu, wanawake tisa. Hakuna mikeka wala sare nyeupe. Kila mtu huja na buibui lake na viatu anavyoendea sokoni. Nawafundisha kukaa macho, kuchomoa mkono, kutia kidole jichoni, na kukimbia bila kuona aibu. Lakini somo la kwanza ni kupiga kelele, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Jirani yetu mmoja, mama wa wajukuu watatu, alikuwa akifungua kinywa halafu anajiziba kwa kiganja.

"Haitoki," akaniambia. "Nimelelewa nisisikike."

Wiki ya nne sauti yake ikatoka. Kunguru waliruka paani, na sisi wengine tukabaki tumeduwaa. Punde mlango ukabishwa. Nilipofungua, nilimkuta mzee wa nyumba ya mbele, amevaa kofia yake, uso umejaa wasiwasi.

"Bi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Bwana. Tunafanya mazoezi."

"Ya kelele?"

"Ya kelele."

Akachungulia ndani, akamwona mama amekaa kwenye kiti chake akituangalia. "Mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka adhuhuri," nikamjibu, nikaurudisha mlango.