Nambari Ambayo Haikufika

Mbuvi alitoka Mwingi kuja Nyeri miaka tisa iliyopita. Tangu hapo kazi yake ni kutunza mtandao wa kampuni ndogo iliyoko mtaa wa Gatitu, inayosambazia maduka na nyumba intaneti hadi Chaka. Ni mtu wa kukagua kitu mara tatu, ndiyo maana jambo hili bado linamtafuna.

Machi mwaka huu mtu asiyejulikana alijaribu kuingia kwenye rauta kubwa iliyoko Sagana, ambayo mtandao wao wote hupitia. Meneja wake, Theuri, akashtuka.

"Weka hiyo kufuli ya pili leo leo."

Mbuvi akaiwasha. Kuanzia hapo paswadi haikutosha. Ukitaka kuingia, rauta ilikutumia nambari ya tarakimu sita kwa simu, uiandike ndipo ikufungulie. Aliijaribu, ikakubali.

Jumanne iliyofuata, saa mbili unusu asubuhi, akibadilisha mpangilio mdogo, alikosea tarakimu moja. Mtandao ukakatika kote. Akajaribu kuingia arekebishe. Rauta ikaomba nambari. Akasubiri. Simu kimya. Hapo akaelewa: rauta hutuma nambari kupitia intaneti, na intaneti ndiyo aliyokuwa ameikata.

Simu ilipolia, alikuwa Kagwiria, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Chaka.

"Mbuvi, huku hakuna kitu. Niko na Mercyline, yule nesi. Saa nne anafanyiwa intavyuu ya video na watu wa ng'ambo, na bando ya simu inakatakata."

"Nipe dakika kidogo."

"Ngapi?"

Mbuvi alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa pikipiki.

Alipanda pikipiki ya kampuni hadi Sagana, akaunganisha laptopu na rauta kwa waya, maana waya hauhitaji intaneti. Rauta ikaomba nambari vilevile. Siku ile alipoweka kufuli ya pili alikuwa amefunga milango yote, hakujiachia hata mmoja. Akaketi sakafuni mwa kibanda cha rauta, simu mkononi. Saa nne ikafika. Ikapita.

Ikabaki kuifuta rauta yote na kuanza upya. Nakala ya mipangilio aliyokuwa nayo ilikuwa ya Januari. Wateja wa zamani walirudi saa nane mchana. Waliojiunga baadaye, Kagwiria akiwemo, walikaa bila mtandao hadi Alhamisi.

Ijumaa akaenda Chaka kuomba msamaha. Mercyline alikuwa hapo saiba, amevaa sare ya kazi.

"Wamesema sikufika," akamwambia. "Nimewaandikia mara mbili. Hawajibu."

"Wacha niwaandikie mimi, niwaambie kosa ni langu."

"Utawaambia nini, Mbuvi? Ati rauta?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mbuvi zaidi. Mercyline alimpa anwani yao hata hivyo, akaenda zamu.

Mbuvi aliandika usiku huohuo, akafuta, akaandika tena. Mpaka leo hajapata neno la kuwaambia.