Udongo wa Keremkerem

Asubuhi ya tatu kisiwani, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya jiwe na darubini machoni, nilimwona shemeji yangu amepiga magoti chini ya matundu ya keremkerem. Alikuwa amevua kofia, ameigeuza, anakinga udongo. Ndege alikuwa ndani anachimba. Kila aliposukuma udongo nje kwa miguu, punje chache zilidondokea kofiani, na shemeji hakutikisika. Hakumtazama yule ndege hata mara moja.

Nilitazama saa. Saa moja na dakika kumi na mbili. Niliandika.

Inabidi nirudi nyuma wiki mbili, nyumbani kwetu Kalangalala, mjini Geita. Mimi hutazama ndege. Majirani waliniona wa ajabu mwanzoni, sasa wamezoea, na wengine huniletea habari: mama, kuna bundi kwenye paa la kanisa. Kila mwaka shule zikifungwa tunasafiri watu watatu, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa, tunakwenda mahali penye ndege ambao Geita hatuna. Mwaka huu nilichagua kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria. Jina lake sitalitaja, na sababu itaonekana.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, aliomba kuja. Zaidi ya miaka kumi amekuwa kwenye maduara ya Rwamgasa, yale mashimo ya dhahabu ambayo watu hushuka kwa kamba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akimtaja ndege ambaye hajakaangwa.

"Shemeji, nimechoka vumbi," aliniambia, ameegemea mlango wa jikoni. "Nipeleke na mimi nikaone ndege."

"Wewe? Unamjua ndege gani?"

"Kuku."

"Kuku ulimwona jana, ukammaliza."

Alicheka sana. Halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda, "Hivi, ndege gani wanachimba?"

Nilimweleza. Mimi nikiulizwa habari za ndege sijui kufupisha. Nilimwambia mdiria huchimba, na wako mbayuwayu wanaochimba kwenye mchanga, lakini hodari kuliko wote ni keremkerem, ambaye hutoboa ukingo wa udongo akaingia ndani, na udongo anausukuma nje kwa miguu.

"Anaingia kiasi gani?"

"Urefu wa mkono mzima. Wakati mwingine zaidi."

"Na ule udongo wa ndani unabaki pale chini?"

"Unabaki mpaka mvua iuchukue."

"Wabeja, shemeji," alisema, ndiyo asante yetu Wasukuma, akaenda zake. Mimi nikabaki nimefurahi. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba hatimaye mdogo wake ameanza kupenda kitu kisicho na vumbi. Hakuinua macho kwenye simu. "Mpe nafasi," alisema.

Mtu yeyote aliyekulia ukanda wetu angeshtuka palepale. Mchimbaji mzoefu haanzi kwa sururu. Anaanza kwa kuangalia udongo ambao mwingine ameshautoa chini: kisima kinachochimbwa, kaburi jipya, kichuguu. Kichuguu hasa, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo kutoka kina ambacho mtu hawezi kukifikia bila jasho. Njia ya Kahama nimewaona mara nyingi watu wakivunja kichuguu, wakijaza udongo kwenye mfuko wa rambo na kuondoka bila kuagana na mwenye shamba. Wanakwenda kuuosha, na wakiona njano hata kidogo, au vipande vya jiwe jeupe ambalo dhahabu hukaa ndani yake, wanarudi na wenzao. Haya yote niliyajua. Ila kwa ndege sikuyafikiria.

Kisiwani tulipokelewa na mama mmoja mjane, umri wake kama miaka sitini, ambaye hupangisha vyumba viwili kwa wanunuzi wa dagaa. Shamba lake la mihogo na viazi linaanzia nyuma ya nyumba na kuishia ghafla kwenye ukingo mwekundu unaotazama maji. Keremkerem wangu walikuwa kwenye ukingo huo. Tulimwamkia, akaitika marahaba kwa kila mmoja wetu, lakini macho yake yalikuwa kwenye darubini.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kutazamia ndege, mama."

"Ndege wapo tu. Wanaonekana hata kwa macho haya." Akaonyesha yake. "Na hilo daftari?"

"Naandika niliowaona."

"Unawaandika ili iweje?"

"Ili mwakani nijue kama wamepungua."

Hakuridhika, na simlaumu. Alimtazama mume wangu, kisha akamtazama shemeji, na hapo akakawia. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi nilihama huko nchi kavu kwa sababu ya watu wenye madaftari. Walikuja wawili, wakasema wanapima udongo wa pamba. Msimu haujaisha, shamba langu lote mashimo, na watu nisiowajua wanalala kwenye mahindi yangu. Mume wangu akasema twende majini, majini hakuna atakayetufuata kuchimba. Sasa yeye amelala pale nyuma ya migomba, na mimi sina tena pa kuhamia. Kama mmefuata dhahabu, semeni sasa hivi."

"Tumefuata ndege tu, mama," nilisema. "Nakuahidi."

"Ndege tu, mama," alisema shemeji. Alikuwa akiutazama ukingo.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Nilimwona furukombe akimnyang'anya mwenzake samaki. Binti yangu alihesabu mnandi waliokausha mabawa mpaka akasinzia akihesabu. Na kila jioni, tukisubiri dagaa waive, nilisoma orodha ya siku kwa sauti. Ni kawaida yetu safarini. Mimi husoma, binti yangu husahihisha hesabu, mume wangu hupiga picha ukurasa kwa simu, kwa sababu mwaka juzi daftari lilidondoka mtoni na tukapoteza kila kitu.

Mimi ni mtu wa kuandika kila kitu. Ujana wangu niliwahi kukusanya habari za redio, na tabia haikuniacha. Kwa hiyo sikuandika "keremkerem" nikapita. Niliandika idadi ya matundu, urefu wake kutoka majini, upande unaopigwa na jua, rangi ya udongo uliomwagika chini ya kila kundi, na kwamba kundi la kaskazini lilikuwa limetoa vipande vya jiwe jeupe.

"Rudia hapo, shemeji," alisema mdogo wa mume wangu, jioni ya pili.

"Hapo wapi?"

"Kwenye jiwe jeupe. Kaskazini ni kule kwenye mti ulioinama?"

"Huo huo."

"Kumbe ndege wana nguvu," alisema, akajichotea ugali.

Mwenyeji wetu alikuwa amekaa pembeni akimenya mihogo. Kisu chake kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Mimi nilidhani amechoka.

Asubuhi iliyofuata ndiyo niliyomwona na kofia. Niliteremka kwenye jiwe taratibu. Kabla sijafika nyumbani, binti yangu alinikuta njiani amenuna.

"Mama, baba mdogo kachukua sahani yangu."

"Ya nini?"

"Anachezea matope. Nimemwambia sahani ni ya kulia, kasema anapika ugali."

Nilimkuta nyuma ya majabali, miguu majini, sahani ya bluu mkononi. Wanaoosha dhahabu huzungusha kiganja kwa namna moja: duara dogo, kuinamisha, kuacha maji yabebe udongo mwepesi, duara dogo tena. Hata mtoto wa Geita akiona tu anajua kinachotafutwa.

"Ugali umeiva?" nilimuuliza.

Aliruka kidogo. "Bado, shemeji. Kuni mbichi."

"Nionyeshe."

Badala ya kunionyesha aliimwaga ziwani, akaisuuza, akanipa ikiwa safi.

"Hakuna kitu," alisema. "Ni mikono tu imezoea. Wewe ukiona ndege unaweza kupita? Mimi nikiona udongo mpya siwezi kupita."

"Mimi nimemwahidi yule mama."

"Umemwahidi wewe."

"Na wewe ulisema 'ndege tu'."

"Kwani aliyechimba ni mimi?" Akacheka. "Si ndege?"

Mume wangu alifika akiwa na mswaki mdomoni. Nilimweleza kwa mpangilio: kofia, saa, sahani, kumwaga. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema povu.

"Umeanza upelelezi wako," alisema. "Mtu kuosha sahani amekuwa mwizi?"

"Mbona hakutuambia?"

"Angekuambia, ungemwacha aoshe?"

Lilikuwa jibu la mtu aliyekwisha kulifikiria swali. Mume wangu hana majibu ya haraka. Nimeishi naye miaka kumi na mitatu.

Kitu kingine kilinikaa moyoni ile siku moja na nusu iliyobaki. Wachimbaji nimeishi nao jirani tangu utoto. Akiosha akakosa, utamsikia. Atalaani jiwe, atalaani aliyemwelekeza, atalaani chakula alichokula asubuhi. Akipata, anakuwa mpole, mpaka mtaa mzima unaanza kumchunguza. Shemeji yangu ni mlalamikaji nambari moja wa ukoo wao. Tangu afike kisiwani alikuwa amelalamikia mbu, kitanda, miiba ya samaki na chai isiyo na sukari. Tangu sahani ile, hakulalamika. Alimsaidia mama wa watu kuteka maji. Aliisifu chai, ambayo bado haikuwa na sukari.

Siku ya kuondoka, wakati wao watatu wanapeleka mizigo mwaloni, kwenye mitumbwi, nilibaki jikoni kwa mwenyeji. Nilikuwa nimeshindana na nafsi yangu tangu alfajiri. Kumwambia ni kumshitaki ndugu wa mume wangu kwa mtu baki. Kunyamaza ni kumficha jambo la shamba lake mwenyewe.

"Mama," nilisema, "shemeji yangu ameosha udongo wako. Ule wa ndege."

Hakushangaa. Alisogeza ukuni ndani ya jiko. "Akaona nini?"

"Anasema hakuona kitu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikuona kilichokuwa kwenye sahani. Aliimwaga."

"Sikukuuliza sahani, mwanangu."

Alininyooshea mkono, na nilielewa anachotaka kabla hajakitamka. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa ukingo, wenye matundu, mti ulioinama, rangi za udongo na jiwe jeupe, nikauchana. Sijawahi kuchana daftari la ndege maishani. Aliupokea. Kusoma hajui, lakini aliutazama mstari kwa mstari, kisha akausukuma chini ya chungu.

"Uliobaki ni upi?" aliuliza.

"Hakuna mwingine, mama."

Nilisema hivyo nikiamini ni kweli. Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka, kisiwa kimeanza kuwa kidogo, ndipo nilipokumbuka simu.

"Zile picha za daftari unazo?" nilimuuliza mume wangu, kwa sauti ya chini kwa sababu ya injini na ya mdogo wake aliyekaa mbele.

"Nimezifuta."

"Lini?"

"Si ulikuwa unalia habari za ahadi yako? Nimezifuta."

Alinipa simu mwenyewe, bila kuombwa. Picha hazikuwepo kweli. Nilifungua na wasapu yake, jambo ambalo huwa silifanyi. Katika mazungumzo yake na mdogo wake, tarehe ya jioni ile niliyosoma habari za jiwe jeupe, kulikuwa na mistari mitatu iliyofuatana, yote ikisema ujumbe huu umefutwa.

"Alikuwa amekaa kando yako jioni ile," nilimwambia. "Ulikuwa unamtumia nini?"

"Utani," alisema, akachukua simu. "Hata utani sasa utauandika?"

Nilitazama mgongo wa shemeji. Alikuwa akimwonyesha binti yangu yangeyange waliokuwa wakipita juu ya maji, na kumuuliza kwa adabu kama hao nao wanachimba. Binti yangu alimjibu kwamba hao hujenga juu ya miti. "Basi hao wapite," alisema shemeji, na wote wawili wakacheka.

Ilipita kama wiki tano. Shemeji aliangukiwa na jiwe mguuni kule Rwamgasa, akaja kuugulia kwetu. Kwa hiyo nina hakika na mahali alipokuwa: kwenye kochi langu, mguu juu ya stuli, wiki tatu mfululizo, na nilimpikia mimi. Mume wangu alikwenda kazini na kurudi kila siku. Na hilo nina hakika nalo. Wageni walikuja kumpa pole mgonjwa, wengine wachimbaji wenzake, na walikaa naye sebuleni wakati mimi niko sokoni. Walichozungumza sikijui.

Ndipo mwenyeji wetu alipopiga simu. Hakusalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi. Alisema ukingoni pake, kuanzia kwenye mti ulioinama kuingia katikati ya mihogo, kuna vijiti vimechomekwa, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu. Sita. Hakuna aliyeona mtumbwi ukifika. Amekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti naye anasema hana taarifa, labda ni watu wa kupima barabara.

"Kisiwa hiki kina barabara?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi niambie wewe, kwa kuwa wewe unaandika. Ni wenu?"

Nilimwambia sijui. Niliomba anipe siku moja niulize nyumbani. Niliuliza, wote wawili wakiwa sebuleni, mmoja akimfunga mwenzake bendeji. Mume wangu alisema hajui. Shemeji alisema hajui, akauliza vijiti hivyo vina urefu gani.

Mama wa watu hakuningoja. Alikwenda mwenyewe jioni hiyo, akang'oa vyote sita, akavitia jikoni. Asubuhi alinipigia tena. Vilikuwa vimechomekwa vipya, saba.