Madume Thelathini na Moja ya Masanja

Mwaka 1962, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa nikatolewa darasa la pili nikachunge ng'ombe za watu, kwa hiyo anayetaka kucheka aibu hii ajue shule yangu iliishia pale, ingawa wasomi wengi wa Mpanda nimewazidi mali na akili (siku ile akili ilinitoka, nakiri).

Mwaka 1996 nilikuwa mwenyekiti wa wafugaji, mradi wa mifugo ukatuletea kompyuta ya kuandikisha ng'ombe, pamoja na karani wake, Leticia. Mradi ungetoa dume moja la mbegu kwa mwenye majike mengi kuliko wote, na dume lile nililitaka kuliko mke wa pili.

Tulianza na maksai wa kulimia. Nikamwona Leticia anachapa "dume, dume, dume" kama kasuku, nikamwamuru: "Iambie mashine, nafasi ya jinsia ikiachwa wazi, ijaze dume yenyewe!" Akafanya. Kesho yake nikaleta ng'ombe zangu za maziwa, thelathini na moja, nikamtajia majina mbio mbio.

"Mzee, jinsia?"

"Andika, usinihoji!"

Jioni akaniambia zimeingia zote madume. Nikasema basi abadili amri, iwe jike.

"Nabadili, mzee, ila hiyo ni kwa watakaoingia. Walioingia wanabaki vile vile mpaka nirekebishe mmoja mmoja."

"Nyie wasomi! Nyumbani kwangu nikibadili amri, nani anabaki na ya zamani? Usiguse kitu!" Nikatia saini orodha bila kusomewa.

Siku ya kugawa, pale Kakese, nimevaa koti, kamba mpya mkononi, bwana mifugo akasoma mbele ya watu wote: "Mzee Masanja. Majike, hakuna. Madume, thelathini na moja."

Mama mmoja, mteja wangu, akapaza sauti: "Jamani! Sasa yale maziwa ya kwa Masanja, kumbe tunakunywa nini?"

Watu wakalala chini kwa kicheko. Nikafoka kwamba karatasi inasema uongo.

Bwana mifugo akaniinulia orodha: "Saini hii ya nani, mzee?"

Dume likaenda kwa mjane wa Mwese mwenye majike tisa. Kamba hakuwa nayo, akaomba yangu, nikampa.

Ukiacha nafasi wazi, kuna aliyekwisha kuamua ijazwe nini, na mpumbavu kuliko wote ni aliyeamua mwenyewe halafu akamkaripia anayemkumbusha. Sitii tena saini kitu nisichosomewa mstari kwa mstari.

Leo nina ng'ombe themanini na nne, nyumba mbili za bati Kawajense, mashine ya kukoboa mpunga, plau nne na shamba la ekari thelathini.