Shafti ya Muriithi

Wanawake wa upande wetu wa Wamagana, karibu na mji wa Nyeri, walikuwa wakiteka maji mtoni, chini kabisa bondeni. Kushuka hakukuwa na taabu. Kupanda ndiko kulikovunja migongo, mtungi umebebwa nyuma kwa mkanda uliokaza paji la uso. Kisha mwaka wa 1976 wageni wakatuletea injini ya dizeli na pampu, zawadi ya serikali ya nchi yao, na maji yakapanda kilima yenyewe hadi kwenye tangi karibu na kanisa.

Muriithi ndiye aliyechaguliwa kuiendesha. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kahawa, akitunza mashine ya kumenyea buni, na alipoisikiliza injini alijua inaumwa wapi. Mhandisi mgeni alikaa naye wiki saba akimfundisha. Siku ya kuondoka alimvulia koti lake la kazi akamwachia.

Sitasema kwamba msaada ule ulikuwa mbaya. Watoto waliacha kuharisha. Mke wa Muriithi, Wacera, alipanda kabichi nyuma ya nyumba na akafuga ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, jambo lisilowezekana kwa maji ya mgongoni. Binti yao Watiri alifika shuleni kila siku kabla ya kengele. Lakini tulikuwa na mfereji wetu wa zamani, tuliouchimba kwa majembe miaka michache baada ya Uhuru, na tangu mashine ije hakuna aliyeenda kuusafisha. Majani yakaufunika.

Mimi nilikuwa karani wa kamati ya maji. Barua zote zilizoandikwa niliziandika mimi, ndiyo sababu nayakumbuka haya vizuri kuliko ninavyopenda.

Januari 1984 shafti ilikatika, kile chuma kinachounganisha injini na pampu. Muriithi aliifunga kwa gunia akaipeleka Nyeri, kwa Harshad, mwenye karakana ya kukereza vyuma. Harshad aliigeuzageuza mkononi.

"Naweza kutengeneza kama hii," alisema. "Lakini Muriithi, sikufichi, chuma niko nayo hapa si ngumu kama ya kwao. Itafanya kazi. Muda gani, sijui."

Muriithi alikuja kwangu tukaenda pamoja ofisi ya mradi wa maji kuomba ruhusa. Afisa alifungua faili, akatusomea. Vipuri vyote lazima vitoke kwenye kiwanda kilichotengeneza mashine, huko huko ng'ambo.

"Mlipewa bure," alisema. "Sharti lao ni moja tu, mnunue kwao. Mkiweka chuma ya Mhindi, mkataba umekwisha. Hakuna mtu atakuja hapa tena."

"Na hiyo yao itafika lini?" Muriithi aliuliza.

"Andikeni barua."

Nikaandika. Machi ikafika na mvua haikuja. Nikaandika nyingine. Aprili tulijibiwa kwamba ombi letu limepokelewa. Mahindi yalinyauka yakiwa urefu wa goti. Ng'ombe wa Wacera alianza kulala chini mchana, na siku moja hakuamka. Watiri sasa alishuka mtoni na mama yake asubuhi, akaingia darasani wenzake wakiwa somo la tatu. Mwalimu mkuu hakumchapa. Nusu ya wasichana walikuwa wakichelewa vilevile.

Kisha yakaja mahindi ya njano, kwa lori, magunia yenye maandishi ya kigeni. Watu walicheka kwamba ni chakula cha mifugo, wakapanga foleni wakiwa bado wanacheka. Bila mahindi yale wazee kadhaa tungewazika, hilo nalijua. Lakini yalikuwa magumu kama kokoto. Githeri yake, yakichanganywa na maharagwe, ilitaka kuchemka kutwa nzima, na sufuria ilikunywa maji mara mbili ya kawaida.

Wacera alimwambia mumewe mbele yangu, akiwa ametoka mtoni kwa mara ya tatu siku hiyo, "Baba Watiri, wananipa chakula, halafu nakipika na nini? Wewe ndiye fundi. Mashine iko pale imenyamaza. Fanya kitu."

Muriithi aliinama akamfungua mkanda kichwani.

Jibu la pili lilikuja Julai. Nilimsomea tukiwa tumesimama nje ya posta. Kiwanda kilisikitika kutuarifu kwamba mashine za aina ile kilikuwa kimeacha kuzitengeneza.

"Soma tena," alisema. Nikasoma tena.

Kesho yake alikwenda kwa Harshad. Kamati ilijua, na hakuna aliyemkataza. Shafti mpya iliingia vizuri. Maji yalipofika kwenye tangi wanawake walipiga vigelegele, na Wacera akanywa kwenye bomba kwa kiganja, akaendelea kunywa mpaka tukacheka.

Tulipata siku tisa. Siku ya kumi shafti ilikatika injini ikiwa inakimbia, kipande kikaruka kikapasua tumbo la pampu. Muriithi alitoka pale amepauka, mikono haina hata mkwaruzo. Alikuwa akisema, "Ingekuwa mimi. Afadhali ingekuwa mimi."

Afisa alikuja na mpiga picha. Katika ripoti yake aliandika kwamba wananchi wameharibu mali ya mradi kwa uzembe, na akataka sahihi ya fundi. Nilimwambia Muriithi asitie. Alitia.

"Si kweli imeharibika mikononi mwangu?" aliniambia.

Hakuna mtu kijijini aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Wangemtukana angejitetea. Alikusanya watu ishirini kwenda kufufua mfereji wetu, tukakuta huko juu umefukiwa, chai imepandwa juu yake, na wenye chai hawakuwa watu wa kubishana nao. Tulirudi na majembe yetu yakiwa masafi.

Mwaka wa 1986 wakaja wageni wengine, wa nchi nyingine, watu wapole kweli. Waliketi nyumbani kwa Muriithi wakamuuliza kijiji kinahitaji nini zaidi.

"Maji," alisema.

Waliandika. Walimuuliza tena kwa njia nyingine, naye akajibu vilevile. Mwishowe mama mmoja kati yao alieleza, kwa sauti ya huruma, kwamba fedha zao zilikuwa za ufugaji wa nyuki.

Mizinga mitatu ililetwa kwake mwezi uliofuata, imepakwa rangi ya samawati. Nilikuwapo kuandika majina ya waliopokea. Muriithi aliipanga kwenye uzio, akashukuru, akauliza kama nyuki nao hawahitaji maji. Dereva alisema hajui, yeye ameleta mizinga tu.