Rubisi ya Kwenda Darasa la Tano

Leo asubuhi mkamwana wangu Konsolata amefunua shimo la ndizi nyuma ya jiko, na harufu imenifuata mpaka hapa barazani nilipokaa. Anayeijua hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, ni harufu ya utamu uliopitiliza, ya majani ya mgomba yaliyobabuka kwa moto, ya udongo wenye joto na moshi kidogo juu yake. Konsolata alizivundika akingoja matokeo, na sasa ana sababu ya kuzikamua. Simu yake ililia jana jioni yote, maana wazazi wa darasa la nne wana kundi lao humo ndani, na mwalimu alikuwa amewatumia habari kwamba watoto wamevuka. Mjukuu wangu Editha yumo. "Bibi, naenda la tano!" akanipigia kelele sikioni kana kwamba mimi ndiye simu. Nikampa hongera. Kisha harufu ile na neno lile, "la tano", vilinirudisha utotoni, kwetu Bukiriro.

Niwataje kwanza waliokuwepo siku ile nami nilipokuwa nangoja kwenda la tano. Alikuwepo baba yangu Ruvugo, aliyebatizwa Petro, lakini jina la Petro lilikuwa la Jumapili tu. Alikuwepo mama yangu Nyamwiza, mtu wa maneno machache. Alikuwepo shangazi Kandida, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Nyarubungo, upande wa Biharamulo. Huyo ndiye aliyembeba baba mgongoni mama yao alipofariki, na hakuacha mtu asahau. Alikuwepo Mzee Bukuru, jirani yetu wa chini ya mteremko, mwenye mtumbwi wa kukamulia pombe na mdomo usiolala. Mwishoni akaja Mwalimu Festo, aliyetufundisha. Na mimi mwenyewe, Prisila, mtoto wa pekee wa kike katika nyumba ya wavulana. Majirani wengine walikuwepo pia, na ninaweza kuwataja wote hadi aliyekaa mlangoni, lakini mtachoka.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Ukitaka la tano, sharti uchaguliwe kwenda shule ya kati, na kwa sisi wasichana hiyo ilikuwa Rulenge, kwenye misheni, unalala huko huko. Nafasi zilikuwa chache kama nyama ya kuku kwenye familia kubwa. Mtihani tulikuwa tumeshaufanya. Kilichobaki kilikuwa habari, na siku zile habari za shule zilipanda baiskeli ya Mwalimu Festo. Alikuwa ameondoka kuzifuata na alikuwa hajarudi. Kila aliyepita njiani alikuwa na habari zake. Mmoja alisema wamechukua wavulana peke yao. Mwingine alisema karatasi zililowa mvua, tutarudia. Mama mmoja muuza chumvi aliapa kwamba shule yenyewe imefungwa. Nililala na habari hizo zote kichwani, zikipigana.

Katikati ya kungoja huko ndipo shangazi Kandida alipofika, na alikuja kunichukua. Mkwe wake kule Nyarubungo alikuwa amejifungua, alihitaji msichana wa kubeba mtoto. Tena kulikuwa na familia moja nzuri, ya watu wenye ng'ombe, na kijana wao alikuwa anakua vizuri. Haya ya kijana hakuyasema mbele yangu. Aliyasema jikoni, na jiko letu lilikuwa la fito.

"Wifi," alimwambia mama, "mtoto wa kike akijua kusoma barua ya mumewe, yatosha. Kwani huko darasa la tano wanafundisha kuzaa?"

"Sijui wanafundisha nini," mama akajibu, akipuliza moto. "Mimi sikufika."

Shangazi akamgeukia baba. Baba alitazama nje, kama mtu anayeangalia mvua itanyesha lini. Baba yangu hakuwa mwoga. Nilishamwona akimfuata fisi na kijinga cha moto mkononi mpaka bondeni. Lakini mbele ya dada yake alirudi kuwa mtoto wa mgongoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na kwetu, mdogo asiyesema hapana kwa mkubwa wake amekwisha sema ndiyo. Shangazi akachukua magauni yangu mawili na shuka, akayafunga vizuri kwa kamba ya mgomba, akauweka mzigo karibu na mlango. Nikawa nauruka kila nikitoka, kama unauma.

Asubuhi iliyofuata mama aliniambia twende kuokota kuni. Tulipofika shambani upande wa bonde, hakuokota kuni. Alitoa panga kwenye kikapu akaanza kukata migomba ya pombe, ile iliyokomaa, mmoja baada ya mwingine. Inaanguka kwa mlio wa maji, kama mtu mnene anayekaa chini.

"Mama, unafanya nini?"

"Upepo umeiangusha."

"Upepo gani?"

"Wa usiku. Wewe ulikuwa umelala." Akafuta panga kwenye jani, akalirudisha kikapuni. "Beba mkungu huo mdogo. Na mdomo ufunge."

Nikaufunga. Nilidhani mama amechanganyikiwa kwa huzuni, kwa sababu mimi naondoka.

Baba alipoiona mikungu uani, alisimama akiitazama. Akageuza mmoja kwa mguu. "Upepo ulikuwa mkali," akasema. Kisha akachukua jembe kwenda kuchimba shimo, maana mikungu yote ile ikiachwa ingeoza.

Hapa lazima nieleze jambo kwa vijana. Kwetu rubisi, pombe ya ndizi, haiwekwi mbele ya watu bila neno. Kabla mrija haujaguswa, mwenye nyumba husimama akasema hii ni pombe ya nini. Ni ya kupokea mahari, ni ya kumaliza msiba, ni ya kuwashukuru waliolima. Akishasema na majirani wakanywa, neno limekwisha. Hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha, maana angeanzaje? Watu wanalo tumboni. Sasa pombe ile ya upepo haikuwa na neno. Ndizi hazingoji mtu. Zikiiva zimeiva, na siku ya kunywa hujileta yenyewe. Kwa hiyo kila mtu aliipa neno la kwake. Shangazi alijua ni ya kumsindikiza yeye na mimi kwenda Nyarubungo, akawa anatusifu kwa heshima hiyo. Mzee Bukuru alisema ni ya kuushukuru mtumbwi wake. "Mtumbwi huu umezeeka bila kushukuriwa," alilalama, huku yeye na baba wakizikamua ndizi na nyasi mpaka juisi ikatoka nyekundu, na sisi watoto tukigombania kulamba mikono. Mama alikaanga mtama, akausaga, akauchanganya, akafunika mtumbwi kwa majani. Hakuipa neno lolote.

Siku ya kunywa ikafika. Mwalimu hakuwa amefika. Majirani walikuja mmoja mmoja, kila mtu na mrija wake kwapani, wakakaa. Vibuyu vikapangwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mzigo wangu pale mlangoni, kwa sababu shangazi alishasema tukimaliza kunywa tunaanza safari, tutalala njiani kwa ndugu za mumewe.

Baba akasimama. Alikohoa. Nilimwona akitafuta macho ya mama, na mama alikuwa ameinama akipanga kibuyu kilichokuwa kimeshapangwa.

"Majirani," baba akasema, "na wewe dada yangu uliyenilea. Pombe hii ni ya Prisila. Anakwenda darasa la tano."

Mzee Bukuru ndiye aliyezinduka kwanza. "Ehee! Kwa hiyo habari zimekuja?"

"Hazijaja."

"Sasa umejuaje?"

"Sijajua. Akiwa amechaguliwa, anakwenda mwaka huu. Akiwa ameshindwa, anarudia la nne, anakwenda mwakani. Karibuni."

Shangazi Kandida alikuwa ameshika mrija hewani. "Ruvugo," akasema polepole, "unawanywesha watu pombe kwa mtihani ambao labda mtoto amefeli?"

"Nimesema, dada," baba akajibu. Alibaki amesimama.

Wakatazamana. Watu wakatazama vibuyu, maana ugomvi wa mtu na dada yake hautazamwi. Kisha Mzee Bukuru, Mungu amrehemu, akasema, "Mimi kiu yangu haijui darasa," akatumbukiza mrija wake, akavuta. Wengine wakafuata. Neno likawa limeshuka.

Mngedhani niliruka kwa furaha. Wala, niliukalia ule mzigo. Habari ya kunipeleka Nyarubungo ilikuwa imekwisha, lakini sasa baba alikuwa amesimamisha jina lake juu ya kichwa changu mbele ya kijiji, na mimi nilikumbuka hesabu moja ya mtihani ya magunia ya kahawa ambayo sikuwa na hakika nayo kabisa.

Jua likielekea upande wa Rwanda, tukasikia kengele ya baiskeli. Mwalimu Festo. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini, maana mvua ilikuwa imeharibu njia. Tukakimbia kumlaki, "Shikamoo mwalimu!" naye "Marahaba, marahaba", akaisimamisha baiskeli ukutani taratibu, kama yai.

Na hapo ndipo nilipokaribia kufa. Kwetu mtu aliyetoka safari haulizwi habari akiwa na kiu. Anakaribishwa, anakaa, ananywa, anaulizwa hali ya njia, ya mvua, ya nyumbani kwake. Habari aliyoibeba ni ya mwisho. Mwalimu alikuwa mgeni wa miaka mingi kwetu, na desturi alizijua kutuzidi. Akanywa. Akasifu mtama. Akaeleza daraja lilivyokatika na jinsi alivyobeba baiskeli kichwani. Mzee Bukuru akamuuliza habari za watoto wake, akawataja mmoja mmoja na homa zao. Nilitaka kumnyang'anya mrija. Niliona baba ameshika kibuyu chake bila kunywa, na mama amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, unamwaga uji chini.

Mwishowe Mwalimu akafuta mdomo. "Hii pombe tamu ni ya nini?"

Baba akasema, "Sema wewe kwanza habari zako."

"Haya. Shule yetu haikuaibika." Akaanza na wavulana. Yohana mtoto wa Bukuru, ndiyo. Mzee Bukuru akapiga kelele mpaka akapaliwa, tukampiga mgongo. Sosteni, ndiyo. Wa tatu, sitamtaja kwa heshima ya wajukuu zake, hapana. Mwalimu akanywa tena. "Na wasichana, Rulenge wamemchukua mmoja tu kutoka kwetu." Akanitazama. "Prisila wa Ruvugo, utajifunza kuamka mapema? Masista hawana mchezo."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka mama aliingia jikoni, na kutoka kule ndani nikasikia pumzi moja ndefu, kama gunia zito lililowekwa chini.

Watu wakapiga vigelegele. Halafu shangazi akasema kwa sauti ya kulalamika, lakini si ya hasira, "Sasa nani atabeba mjukuu wangu?" Baba akamwambia atamtafutia msichana kwa ndugu wa mama. "Ungeniambia tu, Ruvugo." "Ningekuambiaje, dada?" Shangazi akauangalia mzigo niliokuwa nimeukalia. "Inuka hapo, unakunja magauni. Mzigo ukishafungwa haufunguliwi bila safari, ni mkosi." Na muhula ulipoanza, ndiye aliyeubeba kichwani mpaka Rulenge, akinisimanga njia nzima kwamba natembea kama konokono, na kwa sista mlangoni akanisifu mpaka nikaona haya.

Nilisoma mpaka la sita. Mama aliugua nikarudi nyumbani, na kusoma kwangu kukaishia hapo. Sijuti sana. Nimewasomea watu wengi barua zao, na hii ninaiandika kwa mkono wangu, Editha atainakili.

Lakini kuna jambo lililonichukua miaka mingi kulielewa. Nilipoolewa na kuwa na shamba langu, upepo wa kweli ulikuja, nikaona mgomba ulioangushwa na upepo ulivyo. Unang'oka na mizizi, au unavunjika kiunoni na nyuzi zinaning'inia. Uliokatwa na panga ni kitu kingine, ni safi, hata mtoto hakosei. Na baba, mkulima tangu alipoacha kubebwa, lazima aliyaona mashina yale bondeni. Alijua. Alipogeuza mkungu kwa mguu na kusema upepo ulikuwa mkali, alikuwa anamjibu mama. Ndani ya nyumba, mbele ya Kandida, yeye alikuwa mdogo, na mdogo hasemi hapana. Mbele ya pombe yake mwenyewe, na majirani wameshika mirija, mwanamume si mdogo wa mtu yeyote. Mama hakumwomba asimame. Alimtengenezea mahali pa kusimama, akainama kupanga vibuyu ili baba asijione anatazamwa. Na hawakuliongea kamwe, mpaka wote wawili tukawazika. Mimi niliyekuwepo nilidhani siku ile nimeokolewa na baiskeli.

Sasa nyinyi wa Bukiriro mnaosoma haya, na nyinyi wa kwa shangazi kule Nyarubungo, nisahihisheni. Huenda Sosteni alitajwa kabla ya Yohana. Huenda daraja lile halikukatika, Mwalimu alipenda kuongeza chumvi. Kama hesabu ile ilikuwa ya kahawa au ya pamba, sina hakika tena. Leteni majina niliyoyaacha, leteni hata ubishi, nitasikiliza. Ila la kwamba baba alinitaja kabla baiskeli haijafika, hilo msilisahihishe.