Kishikwambi cha Shangazi

Wifi yangu alikuja Bariadi kutoka Mwanza na boksi lililofungwa vizuri, akamkabidhi binti yangu mbele ya ndugu wote. Ndani kulikuwa na kishikwambi chenye kava la pinki. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, maana zawadi ni zawadi.

Kabla likizo ya wifi haijaisha, mtoto alikuwa hali tena bila katuni. Yule aliyezoea kukaa mkekani na kugombania michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na baba yake, sasa alifungua mdomo kama kifaranga, macho kwenye kioo, akisubiri kijiko. Aliyekishika kijiko ni shangazi yake.

"Unaona, wifi? Hasumbui," aliniambia.

Kweli, hakusumbua. Hakuuliza kitu. Ukimwita, haitiki. Ng'ombe wa udongo aliowafinyanga na watoto wa jirani walipasuka juani na hakuna aliyewaulizia.

Jioni moja chaji iliisha, na umeme ulikuwa umekatika. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama mtoto ameungua. Nilipomshika, akaniuma mkono. Nikambeba nje, nikazunguka naye nyuma ya nyumba hadi alipochoka kulia, akanilalia begani. Nilikuwa na hasira, lakini si yeye niliyemkasirikia. Niliporudi ndani nilikichukua kishikwambi, nikakifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni.

"Zawadi yangu unaifungia?" wifi aliuliza.

"Nimeifungia."

"Sasa huyu mtoto atajua nini? Wenzake wanakimbia, wewe unamrudisha porini." Akamgeukia mume wangu. "Kaka, na wewe umekaa kimya?"

Mume wangu alitazama mlangoni kama anayesubiri mgeni. Mwishowe akasema labda mtoto angepewa kidogo kidogo.

"Kidogo kidogo nitampa mimi," nikasema. "Lakini si leo, na si wakati wa kula."

Kilichowaudhi zaidi ndugu ni kazi yangu. Nina steshenari karibu na stendi. Kutwa nachapa barua, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya chuo mtandaoni. "Unakula kwa kompyuta," waliniambia, "halafu mwanao unamnyima?" Nikawajibu kwamba jirani yetu anauza viberiti, na sijawahi kumwona akimpa mtoto wake achezee. Wakasema nina majivuno. Sawa, nikawa na majivuno. Wifi aliondoka bila kuniaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mtoto alilia kila alipoliona sanduku. Nilimkalisha mkekani, nikaweka chakula mbele yake, nikala changu. Akikataa, simlazimishi. Siku moja baba yake alichoka na kile kilio, akaingiza mkono mfukoni kutoa simu yake. Nikamtazama. Akaurudisha mkono ukiwa mtupu.

Nilianza na sauti. Mama yangu anaishi Lingeka na ng'ombe wake. Nikimpigia naweka simu katikati yetu, na mtoto anamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, bibi," kama nilivyomfundisha.

"Bibi, uko humu ndani?" aliuliza mara ya kwanza, akiigeuza simu kutazama mgongo wake.

"Niko zizini, mjukuu wangu. Sikiliza." Ng'ombe mmoja akalia, mtoto akaruka.

Basi nikampandisha basi, nikampeleka Lingeka akalione hilo zizi. Alimkuta ndama mwenye baka jeupe usoni, akamfuata mpaka bibi akamwambia amwache anyonye. Tuliporudi, simu ilikuwa kitu kingine kwake. Ikiunganishwa tu, anauliza, "Bibi, ndama wangu ameamkaje?"

Baadaye zikaja picha. Bibi akiomba kumwona, tunachagua pamoja ya kumtumia. Alipofika miaka mitano nikampakata pale steshenari, nikauweka mkono wake kwenye mausi. Akamchora ndama wa bibi, miguu mitano. Tukaichapa picha hiyo. Karatasi ilipotoka ikiwa na joto, aliishika akauliza imetoka wapi, ikabidi nifungue printa nimwonyeshe wino. Wateja wakaanza kunung'unika.

"Mama, tunachelewa."

"Subirini kidogo. Nina mwanafunzi hapa."

Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Shuleni wenzake walijua nyimbo za katuni zote, yeye hakujua hata moja. Alirudi analia kwamba wamemcheka. "Unaona sasa?" baba yake akasema. Niliona, na iliniuma. Jumamosi ile nilikitoa kishikwambi sandukuni, tukakaa wote watatu tukatazama katuni mbili. Kila kitu nilimuuliza: kwa nini huyu analia, wewe ungefanyaje? Zilipokwisha nikazima. Akalia, lakini si kile kilio cha kuuma. Tangu hapo Jumamosi ikawa siku ya katuni. Majirani wakasema naendesha nyumba kama kambi ya jeshi. Waseme.

Mwaka jana, yeye akiwa na miaka saba, tulikwenda harusi Malampaka. Wifi naye alikuwepo. Watoto wengi walikaa ukutani, kila mmoja ameinamia simu ya mzazi wake. Binti yangu alisikia honi ya treni, akanivuta mkono tukakimbilia stesheni. Alisimama akaitazama ikipita hadi behewa la mwisho, kisha akatazama reli.

"Mama, hii reli inaishia wapi?"

Nilimjua mtoto wangu. Nikafungua ramani kwenye simu, nikamwonyesha tuliposimama, nikamwachia mkononi. Tuliporudi harusini akakaa chini, kidole kikifuata mstari: Shinyanga, Tabora, Dodoma. Kila akifika mji anausoma kwa sauti, na watoto wengine wakaanza kumsogelea.

Wifi akaja akasimama nyuma yetu.

"Kumbe huwa unampa simu?"

"Nampa."

"Mbona mimi ulinikatalia?"

"Wewe ulimpa akiwa anakula, wifi. Na hukukaa ukatazama naye."

Alifungua mdomo kunijibu, lakini mtoto akamshika gauni. "Shangazi, Mwanza kwenu iko upande huu. Njoo nikuonyeshe."

Wifi alinitazama, hakucheka. Kisha akakusanya gauni lake la sherehe, akakaa chini kwenye vumbi.